Ule sio moshi jamani, ni mvuke: picha za gari moshi jangwani wakati wa baridi

Wiki jana nimetuma picha moja kwenye grupu la familia, kichwa cha treni namba 93 cha Nevada Northern, reli ya zamani kule Marekani, kinatoka yadi ya Ely alfajiri, theluji chini, wingu jeupe limepanda juu mara mbili tatu ya urefu wa treni yenyewe. Nikakaa kusubiri. Haikupita dakika tano mjomba wangu wa Mombasa katuma voisi, "Eee mwanangu, moshi wote huo, hao watu hawafi kwa kifua?" Binamu akafuata, kwamba moshi huo nimeuongeza kwa kompyuta. Halafu mtu wa tatu akauliza mbona sisubiri kiangazi nikapiga picha kwa raha zangu bila kuganda vidole.

Nimejibu hayo maswali matatu miaka sita sasa. Leo naandika mara moja, mtu akiuliza tena namtumia linki.

Kwanza pale ni wapi. Ely ni mji mdogo Nevada, mashariki kabisa, kwenye bonde la Steptoe, mita 1,960 hivi juu ya bahari. Mimi naishi Salt Lake City, ni kama masaa manne kwa gari, na kipande kikubwa njiani huoni nyumba wala mbuzi. Ni jangwa, ila jangwa la juu, kwa hiyo Februari theluji inalala na asubuhi nimeshakuta hasi 16. Reli ilijengwa 1905 na 1906 kwa sababu ya shaba. Kampuni za shaba zikafunga kazi miaka ya 1980, na yadi yote ikabaki na karakana yake, vichwa vyake na makaratasi yake, ndio maana leo ni makumbusho ambayo bado inatembea. Namba 93 ilitengenezwa 1909, namba 40 ilitoka kiwanda cha Baldwin 1910. Zote zinakula makaa ya mawe. Kila Februari wanaandaa siku za wapiga picha, treni inarudi nyuma kisha inakuja mbele kwa nguvu, inarudi tena, inakuja tena, na sisi tumejipanga mstari mmoja na hakuna mtu anavuka huo mstari. Basi.

Sasa moshi. Nadhani lugha yetu yenyewe ndio imetuponza, tukaiita gari la moshi na jina likatufunga macho. Babu yangu alifanya kazi reli pale Voi enzi za yale magaratti makubwa, vichwa vya mvuke vya klasi 59 vyenye majina ya milima, na hata yeye alikuwa anasema moshi. Lakini chukua birika la chai, liache lichemke sawasawa, halafu angalia mdomo wake vizuri. Pale mdomoni kabisa hamna kitu, ni kama hewa tupu, unaona ukuta wa nyuma. Weupe unaanza mbele kidogo. Ile sehemu unayoiona tupu ndio mvuke wenyewe. Mvuke hauonekani! Ule weupe ni mvuke ambao umeshapoa ukageuka matone madogo ya maji, yaani ni wingu, ni kitu kilekile kilichoko mbinguni. Kwenye picha yangu ukuze pale juu ya boila kwenye valvu ya usalama, pale mvuke uliozidi unapotokea, utaona nafasi tupu kabla weupe haujaanza. Binamu yangu, hakuna mtu anaongeza wingu kwa kompyuta akakumbuka kuacha ile nafasi.

Na hapa ndio jibu la kwa nini baridi, na ndipo watu wananikera zaidi, kwa sababu hata wapiga picha wenzangu wananiambia "lakini jangwa ni kavu, wingu litapotea haraka, si bora sehemu yenye unyevu?" Sio hivyo. Hewa ina kiasi cha mvuke wa maji inachoweza kubeba na kiasi hicho kinaenda na joto. Hewa ya nyuzi 30 inabeba karibu gramu 30 kwa kila mita moja ya ujazo, ya nyuzi sifuri karibu gramu 5, ya hasi 10 ni gramu 2 na kitu tu. Sasa piga hesabu. Mombasa mchana nyuzi 30, tuseme unyevu asilimia 75, hewa imeshabeba robo tatu ya mzigo wake lakini bado ina nafasi ya gramu saba na zaidi. Ely kwa hasi 10, hata hewa ingekuwa kavu kama mfupa, nafasi yote kwa jumla ni gramu 2 na kitu. Kwa hiyo Mombasa yenye unyevu inameza lile wingu mara tatu zaidi ya jangwa la baridi. Kiangazi pale Ely ndio usiseme, joto na ukavu pamoja, treni inapita na juu ya dohani unaona kama joto linatetemeka tu na kijivu kidogo. Nimeenda Julai mara moja. Sirudi.

Nisiwe mwongo lakini, moshi upo. Mvuke ukishasukuma pistoni unatolewa kupitia dohani hiyohiyo ya moto, na ule mpulizo ndio unavuta hewa ipite kwenye makaa, ndio ile chuf chuf mnayoisikia. Kwa hiyo kinachotoka juu ni mchanganyiko, moshi na mvuke pamoja. Moto ukichomwa vizuri moshi wake ni mwepesi, na wingu linabaki jeupe. Ukiona mweusi tii, ni makaa hayajaungua sawasawa, ni nguvu ya makaa inapotea hewani. Mtia makaa mzuri anaona aibu kutoa mweusi. Halafu anakuja mpiga picha amesimama kwenye mstari anapiga kelele "mweusi zaidi!", na mtu wa watu anatupia makoleo matatu kwa mpigo ili kuwafurahisha. Inaniuma. Mtu amejifunza miaka kuchoma moto safi na sisi tunamwomba auharibu.

Kitu kingine watu wanakiita moshi ni ule weupe unaotoka chini pembeni ya magurudumu treni ikianza kuondoka. Zile ni koki za silinda. Silinda zikiwa baridi mvuke unageuka maji humo ndani, na maji hayabanwi, pistoni ikiyakuta inaweza kuvunja kichwa cha silinda, kwa hiyo dereva anafungua koki kwanza. Asubuhi ya baridi kali inakuwa nyingi sana na dakika hiyo ya kwanza ndio picha, usiwe unahangaika na tripodi.

Upande wa kamera nitaenda mbio. Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, inataka kila kitu kiwe kijivu, kwa hiyo theluji inakudanganya upige giza, halafu kichwa kikikaribia ule weusi wa chuma unajaza fremu na mita inadanganya upande wa pili. Weka manyuo, yaani upange mwanga mwenyewe kwa mkono. Jua likiwa limetoka naanza na aiso 200, f/8, 1/1000, naangalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, naulinda weupe wa wingu kwanza maana ukishaungua haurudi, weusi wa boila nitauinua baadae kwenye raw, faili ghafi ya kamera. Betri mbili ziwe mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukiingia ndani ya nyumba kamera iwe imefungwa kwenye mfuko wa plastiki tangu ukiwa nje na ikae humo mpaka ipate joto, la sivyo maji yanatanda mpaka ndani ya lenzi.

Ninapokwama mimi ni siku ya mawingu. Anga jeupe, theluji nyeupe, wingu la mvuke jeupe, vyote vinayeyuka kuwa kitu kimoja na treni inabaki kama imekatwa ikabandikwa kwenye karatasi. Siku hizo, nakiri, nimeshawahi kufurahi kimoyomoyo mtu mwingine alipopiga kelele ya mweusi, na picha ile ninayo na ni nzuri. Sijajua niiweke wapi. Jua likiwa nyuma ya wingu hilo hilo nako sijaamua, kingo zinawaka kama dhahabu lakini chuma chote cha mbele kinakuwa kivuli, na mjomba atauliza treni iko wapi. Februari ijayo nataka nisimame upande wa mashariki wa reli jioni, kabla jua halijashuka nyuma ya milima, nione.