Uanagenzi ni nini, na kwa nini si kibarua

Uanagenzi ni kujifunza kazi kwa kuifanya, mkononi mwa fundi, kwa muda unaojulikana, mpaka mtu aweze kuachiwa kazi peke yake. Anayejifunza huitwa mwanagenzi. Neno lenyewe ni la zamani. Washairi humwita hivyo chipukizi ambaye hajafikia daraja ya malenga. Siku hizi limeingia kwenye fomu za ajira za vijana, na huko ndiko linakochanganywa na mengine.

Huchanganywa zaidi na kibarua. Mchumaji wa karafuu Pemba hulipwa kwa pishi. Jioni akishapimiwa, hesabu imekwisha, hakuna anayedaiwa kumfundisha chochote. Huchanganywa pia na mafunzo kwa vitendo, zile wiki chache anazopelekwa mwanafunzi wa chuo hotelini au ofisini ili amalize masomo yake.

Mwanagenzi anazalisha, kwa hiyo anastahili posho. Anajifunza pia, kwa hiyo posho huwa chini ya malipo ya fundi. Ile tofauti ya malipo ndiyo ada yake ya masomo. Fundi asipofundisha, ada imeliwa.

Tazama useremala. Kabla ya kugusa mlango wa mteja, kijana anatakiwa ajue kunoa. Kisu cha randa hunolewa kwenye jiwe la mafuta kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30. Ukikilaza mno, makali huwa membamba na humeguka yanapokutana na kifundo cha mti. Ukikisimamisha mno, randa inakwaruza badala ya kuchonga. Maranda yakitoka marefu na mepesi, kisu kimekubali.

Kisha kuna kiungio cha ulimi na tundu, ncha iliyochongwa ya mbao moja ikiingia kwenye shimo la nyingine. Kwa kawaida ulimi huchukua theluthi moja ya unene wa mbao: mbao ya sentimita 4.5, ulimi wa sentimita 1.5. Ukiwa mnene, kuta za tundu hubaki dhaifu na kupasuka. Ukiwa mwembamba, unakatika wenyewe. Kipimo hicho mtu hukariri kwa dakika moja, lakini mkono hauzoei mpaka uharibu matundu kadhaa kwa patasi. Ndiyo maana fundi anayefundisha kweli huweka rundo la vipande vya mbao pembeni, vya kuharibiwa.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: mwaka unapita, kijana bado anafagia maranda, anapiga msasa na kutumwa misumari. Si lazima fundi awe na roho mbaya. Yeye hulipwa mlango ukikamilika, na saa ya kumuelekeza mtu haina mteja wa kuilipia. Tena anahofia kumlea mshindani wa mtaa wa pili.

Dawa yake ni maandishi, na ukurasa mmoja watosha: kazi gani, muda gani, kila baada ya miezi 6 kijana awe anaweza nini, saa za kazi, posho, nani ananunua vifaa, nani anabeba matibabu akiumia. Asaini fundi, kijana na mzazi, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, akishuhudia ni bora zaidi. Kifungu kinachosahaulika ni cha masika. Mvua zikishika na hoteli zikipunguza wageni, kazi hukauka. Iandikwe kama posho itasimama, na kama muda huo utafidiwa.

Kuna na suala la umri. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Wa miaka 16 aliyetoka skuli anaweza kujifunza kupima, kunoa na kuunga, lakini msumeno wa umeme na kupuliza rangi ndani ya chumba kisicho na hewa si mahali pake.

La mwisho ni daftari, na kwangu lina uzito kuliko hata cheti cha pongezi. Kila kazi iandikwe na fundi atie saini: "Dirisha la msaji, matundu 8, moja lilipasuka, patasi ilikuwa butu." Zamani mteja alimjua fundi wako, ikatosha. Leo anayeajiri hotelini Nungwi au Kiwengwa hamjui, anataka karatasi. Kijana akienda kutafuta cheti kwenye kituo cha mafunzo ya amali, kiwe Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Vitongoji, daftari humsaidia kueleza anachokiweza, ingawa mtihani wa mkono uko pale pale. Basi lisilale karakanani. Jioni arudi nalo nyumbani, maana siku fundi na mwanagenzi wakikosana, kitu cha kwanza kupotea ni hilo daftari.