Tezi inapovimba mtoto akiwa kwenye dozi ya TB

Wiki ya sita ya dawa, bibi mmoja aliniletea mjukuu wake wa miaka saba. Alimfungua mtandio shingoni akanionyesha: tezi iliyokuwa kama punje ya harage siku ya kuanza matibabu sasa imekuwa kama ndimu, ngozi juu yake nyembamba, inang'aa. "Daktari, hizi dawa zinammaliza mtoto." Alikuwa ameshazisimamisha siku nne.

Nikampandisha mzani. Kaongezeka kilo moja na nusu. Homa za jioni hakuna, jasho la usiku hakuna.

Uzito ule ulinipa picha. TB ikimzidi mtoto, kinga yake huzubaa. Dawa zikishaua vimelea kwa wingi, mabaki yao hubaki ndani ya tezi, na kinga iliyopata nguvu huyavamia kwa hasira. Tezi hufura wakati ugonjwa wenyewe unarudi nyuma. Mara nyingi hutokea miezi mitatu ya mwanzo. Mwenye VVU huweza kuvimba hivyo wiki chache tu baada ya kuanza ARV, na kwa kichanga mwenye VVU huwa ni tezi ya kwapa la upande aliochanjwa BCG, chanjo ya TB.

Hata hivyo sithubutu kusema "ni kinga tu" kabla ya kuhesabu vidonge, kupiga upya hesabu ya dozi kwa uzito wa leo na kuitafuta TB sugu. Hapa kipimo cha GeneXpert hupotosha wengi: hunasa vinasaba hata vya vimelea waliokufa, kwa hiyo kikisema TB bado ipo, haina maana dawa zimeshindwa. Nasubiri majibu ya kuotesha vimelea maabara, maana waliokufa hawaoti.

Dawa tulizirudisha siku ileile. Usaha niliuvuta kwa sindano. Tafadhali msikubali tezi ichanjwe kwa wembe, kidonda chake huchuruzika miezi. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, naiweka kwa tezi inayobana njia ya hewa, au uvimbe ulio kwenye ubongo. Mtoto akipumua kwa mlio, akiumwa kichwa huku anatapika, au akipata degedege, aletwe saa hiyohiyo.

Macho ya manjano ni habari nyingine kabisa. Hapo ini limeguswa: simamisheni vidonge na mje hospitali siku hiyohiyo.

Ndimu ile ilichukua miezi miwili kunywea. Zile siku nne tulizifidia mwishoni mwa dozi, na bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akizihesabu.