Ukoga Haung'oki kwa Kusukutua

Kila inapokaribia Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, foleni ya kliniki yetu hapa Mombasa hurefuka, na swali huwa lile lile: "Daktari, nasukutua maji ya chumvi asubuhi na jioni, mbona fizi zatoka damu?"

Jino halikai uchi. Dakika chache tu baada ya kupigwa mswaki, protini za mate hulivika utando mwembamba usioonekana. Utando huo hulikinga jino, lakini pia ndio gati wanapofunga bakteria. Wanaotangulia, hasa jamii za Streptococcus na Actinomyces, wana protini zilizochomoza kwenye ukuta wao, ziitwazo adhesini. Adhesini haishiki popote kama gundi: kila moja ina molekuli yake, na isipoipata bakteria humezwa na mate. Streptococcus mutans, mtoboa meno mashuhuri, hushika protini ya mate kwa adhesini yake. Akipata sukari, vimeng'enya vyake huigeuza utomvu unaomgandisha yeye na wenziwe jinoni; tabaka hilo ndilo ukoga. Halwa ya Idi haina neno. Chai ya sukari kila saa ndiyo inayomlisha.

Kisha huja wageni wa fizi. Fusobacterium nucleatum huwashika waliotangulia na wanaofuata, akawa daraja. Tena ana protini ya kushika seli za fizi zenyewe. Porphyromonas gingivalis ana vinyweleo vya protini anavyojinatishia kwa wenziwe na kwa tishu. Fizi hupambana nao, huvimba, hutoka damu.

Mwenye jahazi anajua: viumbe wa gamba wakishaganda chini ya maji, halimwagii ndoo ya chumvi. Hulipandisha pwani, akakwangua. Kusukutua wakati wa udhu ni jambo jema na hatulipingi hata kidogo, ila huondoa makombo, si ukoga. Mswaki wa mti unafaa ukitafunwa hadi ukawa nyuzi na ukafika penye mpaka wa jino na fizi. Kuukaza mdomoni huku unapiga soga barazani si kupiga mswaki.

Na mdudu wa jino hayupo. Nimeng'oa meno mengi, sijamkuta. Kinachodondoka baada ya jino kufukizwa kwa moshi wa mbegu ni vipande vya mbegu hizo.

Ukoga usipoondolewa huingiwa na madini ya mate ukawa ugaga, na hapo mswaki hauna la kufanya, inabidi ukwanguliwe. Kabla hatujagusa tutakuuliza dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, na kama una kisukari au ujauzito. Mwenye vali bandia ya moyo, au aliyewahi kuambukizwa ndani ya moyo, aseme mapema: kwa kawaida atameza antibiotiki dakika 30 hadi 60 kabla ya kazi. Si ukiritimba. Baadhi ya Streptococcus wa kinywani, wakipenya kwenye damu, wana protini zinazoshika chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, na kupitia hizo hukaa kwenye vali iliyoharibika. Usimeze dawa za jirani; kipimo ni cha daktari wako.

Anayekwangua awe amesajiliwa na ana leseni halali ya mwaka huu, si ya mwaka juzi. Omba kuiona, hatununi. Kutibu meno bila usajili ni kosa chini ya Sura ya 253 ya Sheria za Kenya, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Kumwona mtu amevaa koti jeupe hakutoshi.

Wengi fizi zikitoka damu huacha kupiga mswaki mahali hapo. Kinyume chake ndicho kinachotakiwa: piga polepole, kwa mswaki laini, hapo hapo penye damu, mara mbili kwa siku. Ikiwa baada ya wiki mbili damu haijapungua, njoo na orodha ya dawa zako.