Naturalizimu si uhalisia wenye matusi

Kila muhula kuna mwanafunzi atakayenyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, kwani naturalizimu si uhalisia uliozidi uchafu tu?" Zamani nilikuwa namkatiza. Siku hizi namwacha amalize, kwa sababu swali lake lina nusu ya jibu. Naturalizimu ni mkondo wa uandishi wa riwaya aliouongoza Mfaransa Émile Zola, baada ya uhalisia.

Kwanza tulitoe vumbi neno "uhalisia" lenyewe. Kwenye karatasi za mitihani, "uhalisia" limekuwa na maana ya "mambo haya yapo katika jamii yetu". Kwa kipimo hicho hata hadithi ya sungura na fisi ni uhalisia, maana wajanja na walafi tunao tele. Wafaransa wa miaka ya 1850 walikuwa na jambo mahususi zaidi. Mwaka 1855 mchoraji Courbet, baada ya baadhi ya picha zake kukataliwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, alijenga banda lake mwenyewe na kuliita "Uhalisia". Mwaka 1857 mwandishi Champfleury akatoa kitabu cha makala chenye jina hilohilo. Dai lao lilikuwa kwamba mkulima, kibarua na mke wa tabibu wa kijijini watazamwe kwa uzito uleule waliotazamwa nao wafalme na mashujaa, bila kurembwa na bila kufanywa kichekesho.

Mwaka huohuo wa 1857 ilitoka *Madame Bovary* kama kitabu. Flaubert, mwandishi wake, hakulipenda jina la uhalisia, lakini sijui riwaya inayolifundisha vizuri zaidi. Chukua sura ya maonyesho ya kilimo. Emma Bovary, mke wa tabibu wa kijijini, na Rodolphe, mwanamume anayemtongoza, wamekaa ghorofani, karibu na dirisha. Uwanjani chini, zawadi za wakulima zinatangazwa. Rodolphe anambembeleza: mara mia nilitaka kuondoka, nikakufuata, nikabaki. Sauti ya mtangazaji inapanda kutoka chini: "Samadi!"

Basi. Msimulizi hasemi kwamba Rodolphe ni mwongo. Ameviweka vitu viwili jirani, akaondoka.

Muda mfupi baadaye anaitwa kikongwe mmoja, Catherine Leroux, apokee medali ya fedha yenye thamani ya faranga 25 kwa kutumikia shamba moja miaka 54. Flaubert anaitazama mikono yake: vumbi la ghalani, magadi ya kufulia na mafuta ya sufu vimeikomaza hivi kwamba inaonekana michafu hata baada ya kuoshwa kwa maji safi, na vidole vimebaki nusu wazi kwa mazoea ya kazi. Kikongwe anatabasamu na kusema medali atampa padri amsomee misa. Mwandishi mwingine angetulazimisha kulia hapo, au angehutubia. Huyu ametupa mikono tu. Nikitakiwa kutaja sifa moja ya uhalisia, nitataja huko kujizuia. Na ndiko kulikomkera mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, Flaubert alipofikishwa mahakamani Januari 1857 kwa kosa la kuchafua maadili: alilalamika kwamba ndani ya kitabu kizima hakuna mtu anayeweza kumhukumu huyu mwanamke mzinzi. Kama msomaji alikuwa sahihi kabisa. Kama mwanasheria alishindwa, Flaubert akaachiwa huru.

Sasa tuje kwa Zola na naturalizimu yake. Yeye anakubali yote hayo kisha anauliza swali la kidaktari: kwa nini mtu huyu ameanguka? Emma Bovary amebanwa na ndoa, na kijiji, na riwaya za mapenzi alizosoma, lakini hati za madeni yatakayomwangamiza anazitia saini kwa mkono wake. Zola anataka kujua mkono huo unasukumwa na nini. Mhakiki Hippolyte Taine alikuwa ameshataja nguvu tatu: asili ya mtu, yaani anachorithi katika damu, mazingira yake na wakati wake. Mwanasayansi wa tiba Claude Bernard, mwaka 1865, alikuwa ameandika kitabu juu ya udaktari unaofuata majaribio. Zola akaviunganisha, na mwaka 1880 akatangaza kwamba mara nyingi inatosha kuchukua maneno ya Bernard na kubadili "daktari" kuwa "mwandishi wa riwaya".

Hapo, kusema kweli, alijidanganya. Jaribio la maabara linaweza kumkatalia mtafiti. Mhusika wa riwaya hamkatalii mwandishi, kwa kuwa majibu anayaandika mwandishi mwenyewe. Hoja hii ni ya zamani na sijaona iliyoipindua. Lakini nadharia mbovu yaweza kuzaa riwaya kubwa, na *L'Assommoir* ya Zola, ya 1877, ni ushahidi wangu.

Gervaise, dobi, amekaa na Coupeau, fundi wa kuezeka mapaa, kwenye baa ya mzee Colombe. Nyuma yao mtambo wa kukeneka pombe unatona. Gervaise anakula plamu iliyolowekwa kwenye brandi na kuiacha ile pombe yake, akisema itamdhuru. Kisha anataja anachotaka maishani: kazi, mkate kila siku, pa kulala pasafi kidogo, kulea watoto, kutopigwa, kufia kitandani mwake. Coupeau naye pombe kali haigusi, maana baba yake, fundi kama yeye, alidondoka kutoka juu akiwa amelewa, akafa. Kurasa zilizobaki zinampokonya Gervaise kila kitu alichokitaja. Coupeau anaanguka kutoka paani, analala mgonjwa kwa muda mrefu, anazoea kukaa bure, anaanza kunywa. Gervaise anamfuata, na mwisho anafia kwenye kishimo chini ya ngazi. Majirani wanagundua kwa harufu.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu aliyesema "uchafu" ameona kitu cha kweli, ila hiyo harufu kwa Zola ni hatua ya mwisho ya hesabu iliyoanza kwenye ile plamu.

Lakini hesabu ina dosari, na dosari hiyo inaitwa Goujet. Mhunzi huyu alizaliwa na baba aliyemuua mwenzake kwa nondo akiwa amelewa, kisha akajinyonga gerezani. Kama damu ndiyo inayoamua, Goujet alipaswa kuwa mlevi wa kwanza mtaani. Si mlevi. Mwaka jana nililiuliza darasa sababu. Ukimya, halafu binti mmoja wa nyuma akasema, "Anaishi na mama yake."

Nilirudi nyumbani nikafungua tena ile sura ya baa. Mama Goujet ni mshona lesi, nyumba yake inang'aa kwa usafi. Na Gervaise, akiwa ameishika plamu yake, anamwambia Coupeau kwamba zamani, huko Plassans, mji wa kwao, alikuwa akinywa pombe ya anisi pamoja na mama yake.