Kitunguu kinavyopima majeraha ya vinasaba

Ukitaja kipimo cha vinasaba hapa Dar es Salaam, wengi humfikiria baba anayetaka kujua kama mtoto ni wake. Kipimo ninachokieleza leo ni kingine kabisa. Kinauliza kama kuna kitu ndani ya maji kinachovunja kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, na shahidi wake ni kitunguu cha sokoni.

Mwaka 1938 Albert Levan wa Lund, Uswidi, alitumia mizizi ya vitunguu kuchunguza namna kolchisini, sumu itokayo kwenye mmea, inavyovuruga mgawanyiko wa seli. Huyohuyo, pamoja na Joe Hin Tjio, ndiye aliyeonyesha mwaka 1956 kwamba binadamu ana kromosomu 46, si 48. Kitunguu kina 16 tu, tena kubwa, na hadubini ya shule inatosha kuziona.

Tuseme darasa la Vingunguti linataka kujua kuhusu maji ya Msimbazi yanayomwagilia mchicha bondeni. Nunueni vitunguu vidogo vya fungu moja. Ondoeni maganda makavu, kwangueni mizizi ya zamani bila kuumiza kitako, kisha kila kimoja kikae mdomoni mwa glasi, kitako kikigusa maji. Vitano au zaidi viwe kwenye maji ya mto, na idadi hiyohiyo kwenye maji safi. Vaeni glavu, maana mto huo hubeba maji ya vyoo. Badilisheni maji kila siku.

Baada ya siku mbili au tatu hukatwa ncha za mizizi, milimita mbili tu, kwa kuwa hapo ndipo seli zinapogawanyika. Kuzihifadhi, kuzilainisha kwa asidi na kuzitia rangi ni kazi ya maabara, mwalimu akiwapo. Nasisitiza: si ya jikoni.

Kromosomu ikivunjika, kipande kinachokosa sentromia, yaani sehemu ya kromosomu inayoshikwa ili ivutwe, hakina pa kushikwa seli inapojigawa. Wenzake wanavutwa huku na huku, chenyewe kinaachwa nyuma, na mwishowe kinajifunga peke yake kama kiini kidogo kando ya kiini kikubwa. Ndicho mnachokihesabu. Pengine mtaona pia uzi umetanda kama daraja kati ya pande mbili za seli inayogawanyika.

Tahadhari moja huwaponyoka wengi. Visima vingi vya jiji letu vina maji ya chumvi, na chumvi hudumaza mizizi. Mizizi mifupi, basi, haitoshi kuwa ushahidi kwamba vinasaba vimeumia. Maji ya bomba nayo yana klorini, kwa hiyo yaacheni wazi siku nzima kabla ya kuyafanya ya kulinganishia. Na anayehesabu asijue slaidi imetoka glasi ipi. Jicho huona linachotarajia.

Hata viini vidogo vikionekana vingi kwenye maji ya mto, msitangaze mtaani kwamba mchicha unaleta saratani. Kitunguu kimewaambia maji hayo yanastahili kupimwa kikemia, ijulikane ni metali gani au sumu gani. Mwili wa mlaji ni suala jingine.

Seli za mashavu ya wanafunzi msiziguse kwa majaribio ya darasani ya aina hii, hata kama kukwangua shavu kwa kijiti kunaonekana rahisi. Vinasaba vya binadamu vina sheria yake ya mwaka 2009, na mtoto akielezwa kwamba seli zake zimeharibika, hofu hiyo ataibeba nyumbani bila daktari wa kumfafanulia.