Asiye mrefu si lazima awe mfupi: dhana potofu kuhusu jozi za vinyume katika mantiki fazi

Katika mantiki fazi, yaani mantiki inayopima ukweli kwa viwango kati ya 0 na 1, dhana potofu iliyoenea kuliko zote ni kwamba kinyume cha neno na ukanusho wake ni kitu kimoja. Ni rahisi kuiamini, kwa sababu Lotfi Zadeh, mwanzilishi wa mantiki hiyo, alipochapisha mwaka 1965 makala yake kuhusu seti fazi, yaani makundi ambayo kitu huweza kuwemo kwa kiasi tu, aliupa ukanusho kanuni nyepesi: toa kiwango cha uanachama, yaani kiasi ambacho kitu kimo kundini, kutoka 1. Ukweli ni kwamba kanuni hiyo hutupatia "si mrefu", wala haitupatii "mfupi". Tuchukue kipimo cha kimo cha sentimita 140 hadi 200, tukubaliane kwamba urefu huanza kuhesabika baada ya 175, hupanda sawasawa na kukamilika kwenye 195. Ufupi tunaupata kwa kukigeuza kipimo kama taswira kwenye kioo kilichosimamishwa kwenye 170, hivyo huanza chini ya 165 na kukamilika kwenye 145. Mtu wa sentimita 170 si mrefu kwa kiwango cha 1, lakini ufupi wake ni 0. Wa sentimita 160 naye si mrefu kwa kiwango cha 1, ilhali ni mfupi kwa 0.25 tu. Programu inayochanganya mambo haya itawaita wote wawili wafupi kabisa. Sarufi ya Kiswahili imeitambua tofauti hii siku zote, kwani mtego usiotegwa si mtego ulioteguliwa.

Wengine hudhani kwamba kila neno lina kinyume kimoja kinachojulikana. Sivyo: kisu kikali kinyume chake ni kisu butu, lakini mbwa mkali kinyume chake ni mbwa mpole. Jozi huchaguliwa kulingana na kinachopimwa, na uchaguzi huo hutangulia hesabu yoyote.

Dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba katikati ya jozi pana hali moja tu, inayotosha kuandikwa 0.5. Tuseme tunapima uzuri na ubaya wa pendekezo fulani. Huenda hoja nzito zimetolewa pande zote mbili, na huo ni mgongano. Huenda hakuna hoja yoyote iliyotolewa, na huko ni kukosa taarifa. Namba moja huzifuta hali zote mbili, ingawa ya kwanza inadai uamuzi na ya pili inadai uchunguzi. Mwanamantiki Nuel Belnap, mwaka 1977, alieleza mantiki ya thamani nne: kweli, uongo, vyote viwili, na wala kimojawapo. Mwanahisabati Krassimir Atanassov naye, katika makala ya mwaka 1986, aliandika kiwango cha kuwemo na cha kutokuwemo kando kando, jumla yao isizidi 1: kwa 0.4 na 0.3, kinachosalia, yaani 0.3, ni kusita. Mfumo wake hubeba upungufu wa taarifa vizuri, lakini sharti hilo la jumla haliruhusu pande zote mbili ziwe na nguvu kamili kwa pamoja.

Kuhusu wanaosoma viwango hivi kama uwezekano wa tukio kutokea, jibu ni fupi: mtu aliyekwisha kupimwa akawa na sentimita 180 ana urefu wa 0.25, na hakuna kinachosubiriwa kutokea.