Data za uso wa nchi na bahari katika modeli za tabianchi za kanda: dhana potofu na ukweli

Wengi wanaoanza kuendesha modeli za kanda, yaani programu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa na tabianchi ya eneo moja la dunia, kama RegCM inayotunzwa na kituo cha ICTP mjini Trieste, Italia, au WRF ya Marekani, huiona kazi ya kuandaa data za uso wa dunia kuwa ya awali tu, ambayo programu huimaliza zenyewe. Naamini hatua hii inastahili uangalifu mkubwa kuliko nyingine yoyote, kwa sababu modeli hupokea data mbovu bila kulalamika na kuendelea hadi mwisho.

Dhana: Modeli huikokotoa bahari yenyewe.

Modeli za kanda zilizo nyingi hukokotoa joto la ardhi, lakini joto la uso wa bahari hulipokea kutoka nje. WRF, isipoagizwa vinginevyo, hubaki na joto la siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho. Kwa jaribio la siku tatu hilo halina madhara makubwa, lakini kwa jaribio linaloanza Machi na kuishia Agosti ni kosa kubwa, kwa kuwa bahari ya pwani ya Tanzania hushuka kutoka karibu nyuzijoto 29 hadi 25 au 26 katika kipindi hicho. Mwishoni mwa mwaka 2019, upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa, na mvua za vuli zikapita kiasi. Modeli isiyopewa mabadiliko hayo haina njia ya kuyajua.

Dhana: Ziwa ni maji, kwa hiyo data za bahari zinalitosha.

Hapa ndipo kanda yetu ya Afrika Mashariki inapoumia zaidi. Data nyingi za joto la bahari hazina namba yoyote ya joto mahali penye maziwa, na programu inayokuta pengo hulijaza kwa kuchukua namba ya maji yaliyo karibu zaidi. Kwa Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 na lililo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, maji hayo huweza kuwa ya Bahari ya Hindi. Ziwa ambalo kwa kawaida huwa na nyuzijoto 24 hadi 26 linapewa joto la pwani, na modeli inaanza kunyesha mvua isiyokuwepo. Usiku, pepo za nchi kavu hukutana juu ya ziwa na kuinua hewa yenye unyevu. Ndiyo asili ya radi na dhoruba zinazowahatarisha wavuvi. Joto la maji likikosewa, dhoruba hizo huongezeka au kupungua kinyume cha hali halisi.

Wapo wanaotumia wastani wa joto la hewa badala yake. Ni nafuu, ila Ziwa Victoria kwa kawaida lina joto kuliko hewa iliyo juu yake, hasa usiku, hivyo wastani huo hulipoza mno. Ni bora kutumia vipimo vya setilaiti, au joto la maziwa lililomo katika ERA5, data za hali ya hewa ya dunia nzima zinazotolewa na kituo cha Ulaya cha ECMWF, ambalo hukokotolewa kwa modeli ndogo iitwayo FLake.

Dhana: Njia moja ya kuhamishia data kwenye gridi inafaa kwa zote.

Gridi ni mtandao wa miraba ambayo modeli huigawa nchi na bahari. Mwinuko na joto vinaweza kukadiriwa kwa wastani wa nukta za jirani. Aina za uoto haziwezi, kwa sababu namba zake ni majina tu. Katika orodha ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani, yenye aina 24, mashamba ya kutegemea mvua ni namba 2 na maji ni namba 16. Ukichukua wastani unapata 9, yaani vichaka vilivyochanganyika na nyasi, katikati ya ufukwe. Chagua aina iliyo nyingi zaidi ndani ya mraba, au hifadhi asilimia ya kila aina. Orodha hiyo, tena, ilitokana na picha za setilaiti za mwaka 1992 na 1993, kwa hiyo haijui miji ilivyopanuka wala misitu iliyokatwa tangu hapo.

Dhana: Data zenye undani zaidi huondoa tatizo.

Undani unaobaki ni ule unaoruhusiwa na gridi. Mraba wa kilomita 50 kwa 50 una kilomita za mraba 2,500, ilhali Unguja nzima ina takriban 1,650. Kisiwa kinaweza kugeuka bahari chote, hata kama ramani iliyotumika ilikuwa ya mita 500. Kilimanjaro nayo, yenye mita 5,895, husawazishwa na tambarare zinazoizunguka, na mvua ya miteremko yake hupungua.

Dhana: Unyevu wa udongo hujirekebisha baada ya siku chache.

Tabaka la juu hujirekebisha mapema. Tabaka za chini, hasa katika maeneo makavu, huweza kuhitaji mwaka au zaidi, na ndiyo maana kipindi cha mwanzo cha jaribio refu huachwa nje ya uchambuzi.